Kabla ya Kubonyeza Thibitisha



Kila aliyemo humu ukumbini amewahi kutuma hela kwa simu, kwa hiyo nianzie hapo. Unaandika namba ya mpokeaji, unaandika kiasi, na kabla hela haijaondoka simu inakuonyesha jina. Ukiona si jina la shangazi yako bali la mtu usiyemjua, unaghairi. Jina hilo halikuwepo tangu mwanzo. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya Machi 2007, ulikuwa unatuma kwa namba tu. Jina ulilisoma kwenye ujumbe wa uthibitisho, hela ikiwa imeshafika, iwe kwa mwenyewe au kwa mwingine. Mtu alikosea tarakimu moja, ada ya mtoto ikaenda kwa mgeni. Miaka ilipita ndipo hatua ya kuonyesha jina ikawekwa kabla ya malipo. Hatua hiyo haikuharakisha kitu. Iliongeza skrini moja na sekunde chache, na ninaamini sekunde hizo ni sehemu kubwa ya imani tuliyo nayo leo katika pesa za simu.

Nimekuja na hoja moja kuhusu bidhaa za blokicheni na kripto. Wanaozitengeneza wamejitahidi kuficha mitambo, na wamefanya vyema. Lakini mara nyingi wakiificha mitambo wanayaficha na matokeo. Mtumiaji hana haja ya kujua vitalu vinaunganishwa vipi. Ana haja ya kujua, kabla hajabonyeza, hela inakwenda kwa nani, atakatwa kiasi gani, ikienda inarudi au hairudi, na nani mwingine anaweza kuigusa. Pochi inayomjibu hayo kwa lugha anayoielewa ni pochi nzuri hata kama rangi zake hazipendezi.

Tuisogelee skrini yenyewe. Mchukueni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo anayetaka kumlipa muuzaji wake Guangzhou kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani. Amefungua pochi. Sehemu ya mpokeaji inadai anwani. Anwani ya Ethereum ni sifuri, herufi x, halafu tarakimu na herufi 40 ambazo jicho la binadamu haliwezi kuzishika. Anainakili kutoka WhatsApp, anaibandika. Chini yake kuna orodha ya mitandao: Ethereum, Tron, BNB Smart Chain. USDT ni jina lilelile kwenye yote mitatu, lakini hela iliyoko mtandao mmoja haionekani kwenye mwingine. Anwani za Ethereum na za BNB Smart Chain zina umbo moja, kwa hiyo akichagua mtandao ambao muuzaji wake hautumii, pochi haina la kumwambia. Itampeleka tu.

Tuseme amechagua sawasawa, amechagua Tron. Anabonyeza, na pochi inamjibu kuwa salio halitoshi. Ana USDT 200, anataka kutuma 150, na anaambiwa salio halitoshi! Sababu ni kwamba makato ya mtandao wa Tron hulipwa kwa sarafu yake yenyewe, TRX, na huyu hana TRX hata moja. Hakuna aliyemwambia alipojisajili. Sasa aende akanunue sarafu ya pili ili aweze kuitumia ya kwanza. Wengi huishia hapo, na mhandisi anaposikia kuwa wameacha, husema wateja wanahitaji elimu. Mimi sikubaliani. Tangu Machi 2023 Ethereum ina utaratibu uitwao ERC-4337 unaoiwezesha kampuni yenye pochi kulipa makato kwa niaba ya mteja, au kuyakata kwenye sarafu ileile anayotuma, na mageuzi ya mtandao huo ya Mei 2025 yalizikaribisha hata anwani za kawaida katika mpango huo. Tunapoendelea kumdai mteja sarafu ya pili, tunafanya hivyo kwa uamuzi wetu, na ujumbe unaosema "salio halitoshi" bila kusema salio la nini ni sentensi ambayo mtu aliandika akaona inatosha.

Sasa turudi kwenye ile anwani. Nisiwanyime haki waliotangulia: Bitcoin ilipoanza kufanya kazi Januari 2009, mwasisi wake anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto aliziondoa kwenye anwani alama nne zinazochanganya macho, yaani sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo. Aliweka pia alama za ukaguzi, ili ukikosea herufi moja pochi ikatae. Ni usanifu wa mtu aliyefikiria mkono unaotetemeka na jicho lililochoka. Lakini ukaguzi huo unakuambia anwani imeandikwa sawa tu. Ni ya nani, haukuambii.

Matapeli waliliona pengo hilo. Sisi tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaorushwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao yuko njiani kwa wakala na hela ya kodi mkononi. Kwenye blokicheni ndugu yake hutengenezwa hivi: tapeli anaunda anwani inayofanana na ya mtu unayemtumia mara kwa mara, herufi za mwanzo zilezile na za mwisho zilezile. Kisha anakutumia kiasi kidogo sana ili anwani yake ikae kwenye orodha ya miamala yako. Pochi nyingi, kwa kubana nafasi, huonyesha mwanzo na mwisho wa anwani na kuweka nukta katikati. Siku ya kulipa unanakili kutoka kwenye orodha. Mei 2024 mtu mmoja alituma kwa njia hiyo tokeni zenye thamani ya dola milioni 68 hivi kwa mara moja. Bahati yake, aliyezichukua alizirudisha baada ya majadiliano. Wengi hawana bahati hiyo.

Zile nukta tatu katikati ziliwekwa na msanifu, na ni msanifu anayeweza kuziondoa. Tangu 2017 kuna huduma za majina zinazompa mtu jina linalosomeka badala ya mkururo wa herufi, na ni msaada mkubwa, ingawa majina nayo huigwa. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kinapatikana leo: pochi inajua umewahi kumtumia nani, mara ngapi, na lini. Basi iseme. "Hujawahi kutuma kwenye anwani hii." Sentensi moja, kwa Kiswahili, juu ya kitufe, kwa herufi kubwa kuliko kiasi chenyewe. Yule wa dola milioni 68 angeisoma.

Nikae kidogo kwenye suala la funguo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia zaidi.

Mwenye pochi ya kujitunzia ni mwenye ufunguo wa siri. Ukipotea, hakuna tawi la benki, hakuna kitambulisho cha kupeleka, hakuna wa kumlilia. Tangu 2013 pochi nyingi huugeuza ufunguo huo kuwa maneno 12 au 24 yanayotolewa kwenye orodha rasmi ya maneno 2,048, uyaandike mahali. Tazameni hilo linafanyika lini. Mtu amepakua programu, hajaingiza hata senti, hajui kama ataipenda, na skrini ya kwanza anayokutana nayo inamwambia aandike maneno 12 kwenye karatasi na asimwonyeshe mtu maisha yake yote. Anafanya nini? Anapiga picha skrini. Picha inakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni anayoshirikiana na mdogo wake, na ulinzi wote wa hisabati umekwisha kabla ya muamala wa kwanza.

Tatizo la kumpa mtu wa kawaida ufunguo na kumwachia ajue atakalofanya nao halikuanza na kripto. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP ya kufunga barua pepe kwa siri, iliyokuwa ikisifiwa kwa urahisi wake. Ndani ya dakika 90 ni theluthi moja tu waliofaulu. Baadhi ya washiriki walituma siri yenyewe waziwazi bila kukusudia. Na msije mkafikiri ni suala la elimu. Stefan Thomas ni mtaalamu wa programu; alisahau nywila ya kifaa kilichohifadhi funguo za Bitcoin 7,002, kifaa kinachoruhusu majaribio 10 tu, na hadi habari zake zilipochapishwa Januari 2021 alikuwa amebakiza mawili. James Howells wa Newport, Wales, ni mtu wa kompyuta pia. Diski yake yenye funguo za Bitcoin zinazokaribia 8,000 ilitupwa jalalani mwaka 2013, na mapema 2025 mahakama ilikataa dai lake la kulichimbua jalala. Mpango unaowaangusha watu wa aina hii, tunampa mama ntilie na kumwambia awe mwangalifu.

Kuna jambo la lugha pia. Orodha rasmi za maneno zipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Vijana hunijia mara kwa mara wakitaka tuiandike yetu, nami huwaunga mkono, lakini huwaonyesha ugumu wake. Kanuni inataka kila neno litambulike kwa herufi zake nne za mwanzo. Kwetu kitabu, kitanda na kitambaa vinaanza kwa herufi nne zilezile. Maji, majibu na majivu vivyo hivyo. Itabidi mtu aketi na kamusi na kuokota maneno 2,048 yasiyogongana, mengi yakiwa nje ya ngeli zenye viambishi. Inawezekana, na ni kazi nzuri ya tasnifu. Akimaliza, atakuta pochi nyingi hazipokei orodha isiyo ya Kiingereza, na waraka wenyewe wa kanuni hiyo unashauri zisitumike, ili mtu asije akashindwa kuifungua pochi yake kwenye programu nyingine. Kwa hiyo nasema: orodha tuiandike, lakini tusimjengee mtu nyumba yake yote juu ya karatasi yenye maneno 12.

Tujenge juu ya nini? Nendeni kwenye kikundi chochote cha kuweka na kukopa, kijijini au mjini. Utaratibu huo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na umeenea bara zima. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanakikundi watatu, na aghalabu mwenyekiti hashiki hata mmoja. Anayelala na sanduku hana ufunguo. Mwenye ufunguo halali na sanduku. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti. Hakuna mwanakikundi aliyesomea usalama wa mifumo, na kila mmoja anaweza kukueleza kwa nini zipo kufuli tatu na si moja.

Blokicheni inaweza kufanya hivyohivyo, na kwa miaka kadhaa sasa imeweza. Pochi ya Argent ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuweka utaratibu wa wadhamini mikononi mwa watu wa kawaida, na Januari 2021 Vitalik Buterin, mmoja wa waasisi wa Ethereum, aliandika makala ndefu kuutetea. Unawateua watu watano unaowaamini. Ukipoteza simu, watatu kati yao wakikubali, pochi inahamia kwenye ufunguo mpya. Wadhamini hawawezi kutumia hela yako. Wanachoweza ni kubadilisha ufunguo tu. Tena mabadiliko yanaweza kusubirishwa siku kadhaa, ili wakipanga njama, wewe mwenye simu mkononi uzuie.

Hapo msanifu wa Afrika Mashariki ana cha kuufundisha ulimwengu, kama atathubutu. Asitafsiri skrini za pochi ya California. Aanze na sanduku. Aulize wanakikundi: mnamchaguaje mshika ufunguo? Akihama? Akigombana na mumewe, mumewe naye akiwa mshika ufunguo wa pili? Majibu yao ndiyo kanuni za pochi. Na skrini ya kuwateua wadhamini isitokee siku ya kwanza, mtu akiwa hana kitu cha kupoteza. Itokee salio likifika kiasi ambacho mwenyewe angeumia kukikosa.

Nimesema matokeo yasifichwe. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 21 Februari 2025. Maofisa wa soko la kripto la Bybit, lenye makao Dubai, walikuwa wakiidhinisha uhamisho wa kawaida kutoka mojawapo ya pochi zao. Pochi hiyo ilikuwa na funguo kadhaa mikononi mwa watu kadhaa, sawasawa na sanduku letu. Lakini wadukuzi walikuwa wameingiza msimbo wao kwenye ukurasa wa kuidhinishia. Skrini ikawaonyesha uhamisho wa kawaida. Kilichokwenda kutiwa saini kilikuwa kingine. Vifaa vidogo vya mkononi walivyotilia saini vilionyesha data isiyosomeka, nao wakabonyeza kukubali, kama walivyozoea kufanya kila siku. Sarafu za Ethereum zaidi ya 400,000 zikaondoka, thamani yake karibu dola bilioni 1.5, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likataja Korea Kaskazini. Funguo tatu, tano, hata kumi hazisaidii kitu kama hela haihesabiwi kwa sauti. Kila kifaa kinachoomba saini lazima kimwambie mwenye kutia saini, kwa maneno ya kawaida, saini hiyo itafanya nini. Kikishindwa kueleza, kikatae kutia saini.

Sasa niwapeleke Mombasa. Mwaka 2013, kwenye mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kubadilishana vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili biashara isisimame siku ambazo shilingi hazionekani. Waanzilishi, akiwemo Will Ruddick wa shirika la Grassroots Economics, walikamatwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Mpango ukakua, ukaitwa Sarafu, ukahamia kwenye blokicheni. Wakati wa korona, watu wa Mukuru jijini Nairobi na Kinango kule Kwale walinunua unga, wakalipa vibarua na kusomesha kwa Sarafu. Takwimu zilizochapishwa za Januari 2020 hadi Juni 2021 zinahusu watumiaji wapatao 40,000. Kwenye simu za kitochi, kwa nyota na alama ya reli, bila intaneti. Hakuna aliyeulizwa maneno 12, wala sarafu ya pili ya makato.

Naipenda Sarafu, na kwa kuwa naipenda naitaja gharama yake: ufunguo hukuukuta kwenye simu ya mtu wa Kinango. Ulitunzwa na waendeshaji wa mfumo. USSD, yaani menyu hiyo ya nyota na reli, haina mahali pa kuficha siri ya aina hiyo. Vivyo hivyo Machankura, huduma aliyoianzisha Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini mwaka 2022, inayomwezesha mtu kutuma Bitcoin kwa USSD ileile ya kununulia vocha: salio linashikwa na huduma yenyewe. Mimi sioni aibu katika hilo. Mwenye simu ya kitochi akichagua kati ya kutunziwa na kutokuwemo kabisa, ana haki ya kuchagua kutunziwa. Ila aambiwe. Kwenye menyu, si kwenye masharti ya kurasa 30, paandikwe kwamba hela hii tunakutunzia sisi.

Urahisi usioambatana na ukweli huo ni chambo. El Salvador ilipozindua pochi ya serikali, Chivo, Septemba 2021, kila raia aliyejisajili alipewa Bitcoin zenye thamani ya dola 30. Watu walijisajili kwa wingi. Watafiti walipofuatilia walikuta wengi waliitumia zawadi kisha hawakurudi, na wengine walilalamika kwamba vitambulisho vyao vilishatumiwa na watu wasiowajua. Nairobi, mwaka 2023, vijana walipanga foleni kwenye ukumbi wa KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa kripto wa Worldcoin wapate tokeni za shilingi kama 7,000 za Kenya. Kujisajili kulikuwa kwepesi ajabu. Agosti serikali ilisimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data zile zifutwe, ikisema ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa na zawadi si ridhaa. Wasanifu wasome hukumu hiyo kama wanavyosoma vitabu vya fani yao.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi. Tanzania tangu 2024 inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Makato hayo yaonekane kwenye skrini ya uthibitisho, mstari kwa mstari, kwa shilingi. Mteja akikuta pungufu baada ya kutuma, atahesabu kuwa ameibiwa, na hatarudi.

Nimalizie na jambo ambalo sijaliona katika pochi yoyote niliyoifungua likipewa uzito unaostahili, nalo ni mirathi. Mtu akifariki akiwa na hela kwenye simu, familia inajua njia: cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha kampuni ya simu. Ni njia ndefu, lakini ina mwisho. Akifariki na ufunguo wake kichwani, warithi wataiona hela kwenye blokicheni, kila siku, hadi senti ya mwisho, na hawataigusa. Wadhamini watatu wanaweza kulitatua hili, kama pochi imewaandaa: ijue nani ni mdhamini wa simu iliyopotea na nani ni msimamizi wa mirathi, kwa sababu si lazima wawe walewale, impe mwenye mali nafasi ya kuandika mgawo wake kwa sheria anayoifuata, iwe ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali, na isubiri muda mrefu zaidi kabla ya kufungua, kwa kuwa wapo watu wanaosafiri baharini miezi mingi wakadhaniwa wamekufa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, mlioniuliza juzi mfanye mradi gani, huu hapa. Anzeni kwa kwenda kuongea na mahakimu wa mahakama za mwanzo, na makadhi, kabla hamjachora skrini hata moja.